Wasomaji Wanauliza: Melatonini na Usingizi wa Watoto Wadogo

SWALI: Ndugu mhariri, mtoto wangu wa tatu ana miaka 4 na halali kabla ya saa 5 usiku. Akitoka shule ya chekechea anakula, anacheza, kisha analala kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 11 na nusu. Nyumba yetu ni chumba na sebule. Jioni wakubwa wake wanasoma chini ya taa, televisheni inawaka, na baba yao anapoingia mtoto anaruka kumpokea. Saa 12 na nusu asubuhi ninamwamsha huku akilia. Wifi yangu anayeishi Marekani ametuletea chupa ya pipi laini za melatonini, kila moja ya miligramu 5, akisema watoto wake wanazitumia na hazina neno. Sipendi kumkatalia, lakini naogopa. Je, nimpe? (Mama Espoir, Himbi, Goma)

JIBU: Mama Espoir, usimpe. Nitakueleza sababu, na pia nitakueleza kinachomweka macho mwanao, maana barua yako imekwisha kukitaja.

Melatonini haimwangushi mtu kama dawa za usingizi tulizozizoea. Ni homoni inayotolewa na tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo, iitwayo pineali, giza linapoingia. Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliitenga mwaka 1958 kutoka katika tezi za ng'ombe. Kazi yake ni kuuarifu mwili kwamba usiku umefika, ili viungo vyote vijiandae kupumzika. Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua huzama karibu saa 12 jioni mwaka mzima, wakati Ulaya ya kaskazini katika majira ya joto mwanga hukawia hadi saa 4 usiku. Mtoto wa Goma ana giza la kutegemewa kila siku. Taa na televisheni ndizo zinazomnyang'anya. Na mtoto mdogo huathirika na mwanga kuliko sisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha mwaka 2018 matokeo ya jaribio ambalo watoto wa miaka 3 hadi 5 waliwekwa kwenye mwanga mkali kwa saa moja kabla ya wakati wao wa kulala: melatonini yao ilishuka kwa asilimia 88 hivi, na hata dakika 50 baada ya mwanga kuondolewa ilikuwa bado chini. Ukimpa pipi ya melatonini huku taa inamwakia usoni, unauambia mwili wake kwamba usiku umefika na wakati huohuo kwamba jua halijatua.

Sasa tuhesabu pamoja. Kuanzia saa 5 usiku hadi saa 12 na nusu asubuhi ni saa 7 na nusu. Ongeza saa 2 na nusu za alasiri, unapata saa 10. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku nzima, pamoja na ule wa mchana. Kwa hiyo mwanao yuko kwenye mpaka wa chini, naye hana ugonjwa wa kukosa usingizi. Sehemu kubwa ya usingizi wake wa usiku ameitumia alasiri. Mtoto aliyeamka saa 11 na nusu jioni hawezi kulala saa 2 usiku, hata umlazimishe, na hapo ndipo ugomvi wa kila jioni unapozaliwa.

Anza na usingizi huo wa alasiri. Alale mara tu baada ya chakula cha mchana, na kabla ya saa 9 awe ameamka, hata akinuna kwa siku chache. Asubuhi aamke saa ileile, Jumapili pia, na atoke nje apate mwanga wa jua, kwa sababu saa ya ndani ya mwili hurekebishwa na mwanga wa asubuhi kama inavyorekebishwa na giza la jioni. Usijaribu kumhamisha kutoka saa 5 hadi saa 2 kwa usiku mmoja. Mlaze karibu na saa anayolala kweli, kisha irudishe nyuma robo saa kila baada ya siku mbili au tatu. Televisheni izimwe saa moja kabla ya hapo. Wakubwa waendelee kusoma sebuleni, lakini tundika kitenge kizito mlangoni mwa chumba ili taa yao isimfikie mdogo wao. Kama huwa anakunywa chai ya majani jioni, mpe uji badala yake, kwani chai ina kafeini. Kuhusu baba yake, najua ni jambo gumu, na mtoto ana haki ya kumfurahia mzazi anayemwona saa chache tu. Ningependa baba ndiye awe anamwamsha asubuhi, amwoshe uso na kumvalisha, ili furaha hiyo ipate wakati wake bila kuvunja usiku.

Turudi kwenye chupa. Nchini Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, melatonini huuzwa kama kirutubisho cha chakula, na si kama dawa, kwa hiyo hakuna mamlaka inayoihakiki kabla haijafika dukani. Mwaka 2023 watafiti wa huko walipima aina 25 za pipi hizo na kukuta 22 kati yake zina kiasi tofauti na kilichoandikwa; moja haikuwa na melatonini hata kidogo, na nyingine ilikuwa na zaidi ya mara tatu ya kilichotajwa. Madaktari wa watoto wanaoitumia huanza na nusu miligramu au miligramu moja, ilhali pipi yako inadai 5, na hatujui kwa hakika ina ngapi. Madhara ya kawaida ni usingizi mzito asubuhi, maumivu ya kichwa na kukojoa kitandani, na bado haijachunguzwa vya kutosha kama matumizi ya miaka mingi yanaathiri ukuaji wa mtoto anapokaribia kubalehe. Nchini Ufaransa, shirika la serikali la usalama wa chakula, ANSES, lilishauri mwaka 2018 kwamba watoto na vijana waepuke virutubisho vya aina hii.

Jambo moja zaidi linanitia wasiwasi: chupa yenyewe. Rangi ya pipi, ladha ya matunda, mfuniko ambao mtoto wa miaka 4 ameshamwona mama akiufungua. Vituo vya sumu vya Marekani vilipokea taarifa 8,337 za watoto na vijana waliomeza melatonini mwaka 2012, na mwaka 2021 zikafika 52,563, wengi wao wakiwa watoto wadogo waliozimeza nyumbani bila mtu kuwaona. Wengi hawakudhurika sana, lakini katika miaka hiyo kumi wawili walifariki. Iweke juu, mahali panapofungwa kwa ufunguo. Wifi yako mshukuru kwa moyo wote, kwa kuwa alimfikiria mtoto wa kaka yake, na umweleze kwamba unamrekebishia kwanza saa zake za kulala. Hakuna heshima inayovunjika hapo.

Zikipita wiki tatu au nne bila nafuu, mpeleke kituo cha afya. Nenda mapema zaidi ikiwa anakoroma kila usiku na pumzi inakatika, ikiwa anajikuna sehemu ya haja kubwa usiku, dalili ya minyoo, au ikiwa miguu yake haitulii kitandani, jambo ambalo mara nyingine hutokana na upungufu wa madini ya chuma. Na watoto wengi wa mji huu wamesikia milio ya risasi. Mtoto anayeshtuka, anayekataa kulala peke yake au anayeamka akipiga kelele anahitaji kukumbatiwa na kusikilizwa, na pengine msaada wa mtaalamu. Hofu ya namna hiyo melatonini haiigusi.

SWALI: Mjukuu wangu wa mwaka mmoja na nusu huamka mara tatu, nne usiku. Muuzaji wa farmasi ya mtaani amenipa sirapu ya prometazini, akasema wazazi wengi huinunua ili mtoto alale. Kama haifai, je, melatonini ni bora? (Koko wa Kadutu, Bukavu)

JIBU: Koko, tafadhali usimpe hata tone. Prometazini ni dawa ya mzio inayoleta usingizi, na kwa mtoto asiyetimiza miaka 2 inaweza kudhoofisha pumzi hadi ikakatika. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu ya hilo mwaka 2004 baada ya taarifa za vifo. Melatonini nayo si ya umri huo. Watoto wa umri wake wengi huamka usiku na kulala tena wenyewe wakiachwa kidogo katika giza, wakishikwa bila kuwashiwa taa wala kuchezeshwa. Akiwa na homa, akivuta sikio au akihema kwa shida, asingoje: apelekwe kupimwa, malaria ikiwemo.

SWALI: Binti yangu wa miaka 7 ana usonji. Tunazima kila kitu saa 2 usiku, naye hulala saa 8 usiku. Daktari ametaja melatonini, lakini ndugu wanasema nitamharibia ubongo. (Baba Neema, Bukavu)

JIBU: Baba Neema, kwako jibu langu ni tofauti na nililompa Mama Espoir. Usingizi wa watoto wenye usonji mara nyingi hukataa hata baada ya familia kufanya kila linalowezekana, na hapo ndipo melatonini imethibitika kusaidia. Umoja wa Ulaya uliidhinisha mwaka 2018 dawa iitwayo Slenyto kwa watoto wa miaka 2 hadi 18 wenye usonji ambao hatua za kurekebisha usingizi hazikuwatosha. Hutolewa kwa cheti cha daktari, na kipimo chake kinajulikana. Usiibadilishe na pipi za kutumiwa kutoka ng'ambo. Mfuate daktari wako, au muombe akuelekeze kwenye kituo cha afya ya akili cha SOSAME hapo Bukavu. Wasomaji wa Goma wanacho Tulizo Letu.

Kabla ya kwenda, andika katika daftari kwa wiki mbili saa ya kuzima taa, saa aliyolala kweli na mara alizoamka, kisha endelea kuandika baada ya kuanza dawa. Mweleze daktari dawa nyingine zote anazotumia, hasa kama ana kifafa. Vidonge hivyo humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kulala, baada ya chakula, bila kuvunjwa wala kutafunwa. Ikifika miezi mitatu na daftari lako halionyeshi tofauti yoyote, mwonyeshe daktari ili afikirie kuisimamisha.