Bugali ya saa ine usiku njo ilikuwa inanichoma kifua

Kama unaishi Bukavu unajua namna tunakulaka: asubuhi unashuka toka Kadutu na chai kavu, mchana karanga na mukate, alafu saa ine ya usiku njo unakaa mbele ya bugali kubwa na sombe na sambaza za kukaanga, unakula mpaka unashiba kabisa na palepale unaingia mu kitanda juu kesho unaamuka mapema. Niliishi hivyo miaka mingi.

Kisha kifua kikaanza kuwaka. Usiku wa manane naamuka na maji makali mpaka kwenye koo, nikawaza ni moyo, na mama akasema hapana, hiyo ni karuho, wamekutegea sumu, twende kwa mwenye dawa ya kutapisha. Nilitapika siku mbili na moto ukazidi, maana kila ukitapika ile asidi inapita tena palepale penye kidonda.

Dokta mmoja njo alinichorea mambo kwenye karatasi. Kutoka kooni chakula kinashuka mu umio, mrija wa sentimita 25 hivi, na chini yake kuko musuli kama pete inayofunguka kupitisha tonge kisha inajifunga. Tumbo ina ute mzito unaolinda ukuta wake na asidi, umio haina kinga kama hiyo. Bugali inakaa tumboni masaa mawili mpaka mane, na mafuta inaichelewesha zaidi, sasa ukilala tumbo imejaa, ile pete inasukumwa na asidi inapanda. Kazi ya kufyonza chakula inafanyika mbele, mu utumbo mwembamba wa karibu metre 6, penye nyongo ya ini na maji ya kongosho, na utumbo mpana unavuta maji. Shida yangu ilikuwa juu kabisa, pale kwenye pete.

Akaniuliza tena dawa gani ninameza. Ibuprofen, dawa ya maumivu, juu ya mgongo unauma, nanunua kidonge kimoja kimoja na kumeza na njaa. Kumbe dawa ya aina hiyo inapunguza ule ute, tumbo inabaki wazi!

Na watu waache kusingizia pilipili peke yake. Kuko bakteria, Helicobacter pylori, inayoleta vidonda vya tumbo, na Barry Marshall wa Australia aliinywa mwenyewe mu 1984 ili aonyeshe inavyochoma tumbo. Mu 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobel. Inapimwa hata mu choo kikubwa cha mgonjwa, na inatibiwa na antibiotiki, lakini meza zote mpaka mwisho, usiache siku unapojisikia vizuri, tafadhali.

Miye sasa ninakula saa kumi na mbili jioni, bugali kidogo, natafuna polepole, nangoja masaa matatu ndiyo nalala, kwa ubavu wa kushoto, na miguu ya kitanda upande wa kichwa nimeweka juu ya mbao sentimita 15. Mama alibishana sana juu ya hizo mbao. Wiki tatu nikalala mpaka asubuhi.

Lakini ukiona choo cheusi kama lami, ao unatapika damu, ao chakula kinakwama ukimeza na unakonda bila sababu, usijaribu mbao wala dawa ya kutapisha, nenda hospitali siku hiyohiyo.