Kalamu Niliyomshikisha Mwanangu Mapema Mno

Wiki iliyopita dada mmoja anayesoma makala zangu aliniandikia kwamba binti yake ametimiza miaka minne, kwamba Januari ataanza chekechea, na kwamba hadi sasa hajui kuandika hata herufi moja. Akaniuliza kama amtafutie mwalimu wa tuisheni. Niliusoma ujumbe huo mara tatu, kwa sababu swali hilo niliwahi kulijibu vibaya nyumbani kwangu mwenyewe.

Mwanangu wa kwanza nilimshikisha kalamu kabla hajatimiza miaka mitatu na nusu. Tulikuwa tukiishi Morogoro, na kila jioni, watoto wa majirani walipokuwa wakicheza kombolela uani, yeye alikuwa mezani akifuatisha nukta kwenye daftari huku machozi yakilowesha ukurasa. Siku ya usaili wa kuingia chekechea alihesabu hadi hamsini bila kukosea, nami nikajaa fahari. Lakini mwalimu alipomwomba atoe vizibo vitano vya soda kikapuni, alitoa konzi nzima. Mtoto mwenzake alipokigusa kikapu kile, mwanangu alimsukuma, akajitupa chini na kulia hadi tulipoondoka. Mwalimu alisema mbele ya wazazi wengine kwamba mtoto huyo hakulelewa. Neno hilo linaniuma hadi leo, maana nilikuwa nimemlea kwa jasho langu lote, ila nilikuwa nimemnyima wenzake.

Mdogo wake nilimwacha acheze. Alifinyanga vyungu vya udongo, akapika mboga za majani ya mwembe katika vifuu, akagombana na kupatana na binamu zake bila mimi kuingilia. Nilipoanza kuwatazama kwa makini ndipo nilipoona wanachojifunza. Katika mdako, mchezaji hurusha jiwe moja juu, na kabla halijashuka huchota mawe shimoni, kisha huyarudisha akibakiza moja, awamu inayofuata mawili, halafu matatu: hiyo ni hesabu inayopita machoni na vidoleni, ambayo binti yangu aliielewa kwa kuwatazama wakubwa kabla mikono yake haijaweza kuicheza. Katika nyama nyama, akitajwa ng'ombe watoto huruka na kuitikia, akitajwa paka hutulia, na anayeruka kwa pupa hutolewa. Mtoto aliyezoea kutolewa mchezoni na kusubiri duru nyingine hashindwi kusubiri zamu yake ya kujibu darasani.

Januari ilipofika, alimwamkia mwalimu, akaketi mkekani na wenzake, na penseli aliishika bila kuikaza, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vimepata nguvu katika udongo. Kabla ya Pasaka alikuwa akiandika jina lake. Sioni haya kusema kwamba ninajivunia jambo hilo.

Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha chekechea ya kwanza mwaka 1837 katika mji wa Blankenburg, aliwapa watoto mipira ya sufu na vitofali vya mbao wavichezee. Kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeiweka haki ya kucheza katika orodha moja na chakula, malazi na mavazi. Wazazi wenzangu, hakuna hata mmoja wetu anayethubutu kumnyima mtoto chakula ili aandike vizuri; basi tusimnyime mchezo kwa sababu hiyo, wala tusishindane kwa madaftari ya watoto ambao bado hawajui kufunga vifungo vya shati.

Dada yangu, fedha ya tuisheni iweke. Mwache binti yako acheze na wenzake kila siku, ashinde na ashindwe; akikusaidia kutenga chakula, mwambie alete sahani nne, naye azihesabu mwenyewe. Kabla ya Januari awe anajua kwenda chooni peke yake, kunawa mikono na kuvaa viatu vyake. Herufi atafundishwa na mwalimu, na hiyo ndiyo kazi yake.