Kivumishi ācer: shika shina kwanza

Anayeanza Kilatini hukikuta kivumishi hiki kwenye kamusi kikiwa na maumbo 3: ācer (jinsia ya kiume), ācris (ya kike), ācre (ya kati). Maana yake ni -kali, na hapo Mswahili ana bahati: siki kali, vita vikali, macho makali, farasi mkali, vyote Mrumi alivisema kwa kivumishi hiki kimoja. Mzizi ac- una maana ya kuchongoka. Umezaa acus (sindano), aciēs (makali ya upanga, kisha safu ya jeshi vitani), acētum (siki) na acidus, asili ya neno letu asidi.

Shina litoe kwenye ācris: ondoa -is, ibaki ācr-. Ile e ya ācer si ya shina; imeingia kurahisisha matamshi tu. Usiifananishe na ya celer (-a mbio), ambayo hubaki: celeris, celere.

Kosa linalorudiwa sana ni kutafuta vina. Mwanafunzi anaona pugna (pigano), anaandika *pugna ācra*. Sahihi ni pugna ācris. Upatanisho ni wa jinsia, idadi na uhusika (kazi ya nomino katika sentensi), si wa sauti ya mwisho. Sisi tunaosema “kisu kikali” tumezoea viambishi vinavyofanana, kwa hiyo mtego huu hutunasa kuliko wengine. Kabla ya kuandika, jiulize jinsia ya nomino.

Kisha kariri sehemu 3 zenye i: ablativi (uhusika wa “kwa, katika, kutoka”) ya umoja ācrī (pugnā ācrī), wingi wa jinsia ya kati ācria, genetivi (uhusika wa umiliki, “-a”) ya wingi ācrium. Ukiandika *ācre* kwenye ablativi umekosea, hata kama nomino za kundi la tatu, ambalo ācer hulifuata, mara nyingi huishia -e hapo. Ajabu ni kwamba umbo la kulinganisha, ācrior (ācrius kwa jinsia ya kati), huitupa hiyo i ya kiishio: ācriōre, ācriōra, ācriōrum.

Kwa “-kali kabisa” usiseme *ācrissimus*. Vivumishi vinavyoishia -er huchukua -rimus: ācerrimus, -a, -um, r mbili. Kielezi ni ācriter.

Vitabu visivyoweka alama za irabu ndefu vina hatari moja: acer yenye a fupi ni jina la mti, nomino ya jinsia ya kati. Ukiona aceris, umekutana na mti.