Malezi na simu: wazazi na walimu wa Kigoma wanauliza

Meseji za wiki hizi zinazunguka jambo moja. Ndani ya simu kuna mafunzo ya malezi ya kila namna, je, tuchukue yapi na tuache yapi? Nimejibu yale yanayorudiwa zaidi. Machache nimeyafupisha.

Nina mtoto wa miaka minne. Simu janja ni moja tu, ya baba yake, na bando la wiki linakata siku ya pili. Nianzie wapi? (Mama, Kasulu)

Dada, anza na kitu kimoja: Akili and Me. Ni katuni za Ubongo, shirika la hapahapa nyumbani lenye makao Dar es Salaam, zimetengenezwa kwa ajili ya watoto wa miaka 3 hadi 6 na zipo kwa Kiswahili. Huyo Akili mwenyewe ana miaka minne kama wako. Kama kuna wakubwa hapo nyumbani, wao wana Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa mwaka 2014, yenye hesabu na sayansi za kuimbwa.

Kinachomaliza bando lako ni kuitazama katuni ileile mtandaoni kila siku. Na mtoto wa umri huo hataki kipya, anataka ya jana. Ubongo wana tovuti yao ya kupakulia bure, inaitwa Ubongo Toolkits, ina video, sauti na vitabu. Pakua mara moja, hifadhi kwenye memori kadi, basi. Ukishindwa, nenda kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo, wale vijana wana intaneti na kazi wanaijua. Ila taja jina la kipindi, kisha kaa hapo uone anachoweka. Ukisema tu "niwekee katuni" utarudi nyumbani na mieleka.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ndiyo bora zaidi. Aliye chini ya mwaka mmoja, hapana kabisa. Ndani ya hiyo saa kaa naye. Akili akihesabu mpaka tano, simamisha video, mmwagie machikichi kwenye mkeka, mwambie akupe matano. Atakupa saba. Hesabuni pamoja, halafu bonyeza video iendelee. Katuni iliyosimamishwa hivyo mara tatu inafundisha kuliko katuni kumi zilizopita zenyewe huku wewe uko jikoni.

Nyumbani tunaongea Kiha. Nimesoma mahali kwamba lugha mbili zinamchelewesha mtoto kuongea. Ni kweli? (Baba, Buhigwe)

Si kweli. Mtoto anayelelewa kwa lugha mbili anaweza kuzichanganya katika sentensi moja, na hiyo ni kawaida, lakini lugha mbili hazileti ucheleweshaji wa kuongea. Endeleeni na Kiha chenu. Kama amefikisha miaka miwili na bado haunganishi hata maneno mawili, katika lugha yoyote, mpelekeni kituo cha afya na muombe masikio yapimwe kwanza.

Nafundisha darasa la awali. Watoto ni wengi, kitabu cha hadithi hakuna, na projekta naisikia kwa watu. Mtandao utanisaidia nini? (Mwalimu, Uvinza)

Utakusaidia wewe kabla ya kuwasaidia wao, mwalimu, na hilo halina ubaya. Tafuta African Storybook. Ni mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na zimepangwa kwa hatua: za mwanzo zina maneno machache tu kwa ukurasa, za mbele zinarefuka. Wana programu ya simu ambayo hadithi ukishazipakua unazisoma bila bando. Zinaruhusiwa kuchapwa pia, na ukichapa moja tu kwa kikundi, watoto watano sita wanaweza kuizunguka.

Usipoweza kuchapa, isome wewe nyumbani jioni uielewe, kesho uisimulie kwa mdomo na uchore picha tatu ubaoni. Hadithi haijawahi kudai projekta. Wale wanaotoka nyumbani na Kiha kitupu waulize kwanza kwa Kiha, "nini kitatokea sasa?", kisha lirudishe jibu lao darasani kwa Kiswahili.

Vitabu vya kiada vipo bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ol.tie.go.tz. Tahadhari hapa: mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, lakini PDF za mtaala wa zamani bado zinazunguka kwenye magrupu ya walimu kama vile hakuna kilichobadilika. Tazama ukurasa wa mwanzo kabla hujaandaa somo. Na ukipata kitu kilichofanya kazi, kipeleke kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya shuleni kwenu. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ipo kwa ajili hiyo, tusiifanye kikao cha kusaini mahudhurio tu.

Kwenye grupu la wazazi imetumwa sauti ya mama anasema mtoto akiharisha na kupata homa ana "meno ya plastiki", apelekwe kwa fundi yakang'olewe. Wengine wameweka alama ya dole. Wangu ana miezi saba na anaharisha. Nifanye nini? (Mama, Mwanga)

Usimpeleke kwa fundi. Hili nalijibu kwa urefu kwa sababu limekuwepo muda mrefu kuliko simu, na sasa WhatsApp imelipa miguu.

Hayo yanayoitwa meno ya plastiki ni machipukizi ya meno ya kawaida, mara nyingi chonge, yanayoonekana meupe chini ya ufizi kabla hayajakomaa. Kila mtoto anayo. Kuyachokonoa kunaweza kuleta damu isiyokatika, maambukizi makali, na kuharibu meno ya ukubwani yanayojengeka chini yake. Watoto wamekufa kwa sababu hiyo. Na kwa nini kuharisha kunakuja wakati uleule? Kwa sababu huo ndio umri wa kuanza uji, kutambaa, na kutia mdomoni kila kinachookotwa. Vijidudu vinaingia humo, jino linasingiziwa.

Anayeharisha anahitaji maji na chumvi alivyopoteza. Mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na soma pakiti inataka maji kiasi gani, usikadirie kwa kikombe. Nenda zahanati wakupe na vidonge vya zinki, ambavyo hutumika siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Endelea kumnyonyesha. Ukiona macho yamezama, damu kwenye choo, amelegea au hanyonyi, usisubiri kesho. Kuuliza kwa simu, namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure.

Kuhusu ile sauti, mimi nina kipimo kimoja: mwenye maneno anaweza kuulizwa? Sauti isiyo na jina, iliyotumwa mara nyingi, haina wa kuulizwa. Ushauri ukiwa wa wizara, wa kituo cha afya, wa shirika lenye anwani, kuna mlango wa kugonga. Alama za dole hazithibitishi kitu. Ukipata nafasi andika grupuni, kwa upole, kwamba nesi amekataza. Mama yule huenda anaamini kabisa anachosema, ukimwaibisha atahamia grupu lingine nacho.

Mjukuu wangu ana miaka 13. Nimekuta mtu asiyemjua anamwomba picha kwenye simu. Nataka kuivunja hiyo simu. (Bibi, Ujiji)

Shikamoo bibi. Usiivunje, ndani yake mna ushahidi. Usifute meseji wala jina la huyo mtu. Na kabla ya yote, mwambie mjukuu kwamba hatapigwa. Watu hawa wanategemea hofu hiyo: "usimwambie bibi, atakuua." Mtoto akijua hapigwi, kazi yao inaharibika.

Kama kuna picha zimeshatumwa, zisisambazwe kwa yeyote, hata kwa nia ya kumwonyesha mjumbe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inalichukulia hilo kwa uzito. Akitishia au akidai pesa, msilipe. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure, halafu mwende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Baada ya hapo ndipo mzuieni kwenye simu.

Mkitulia, kuna kurasa fupi za Kiswahili za Parenting for Lifelong Health, mpango wa kimataifa wa kusaidia wazazi, kuhusu kuongea na kijana. Nyingi zilitolewa mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19, lakini ushauri haujachacha. Mama yake akusomee.

Kuna mtu Telegram anauza mtihani wa darasa la saba. Tununue? (Mzazi, Kibondo)

Ni tapeli, na akiwa si tapeli ni jinai. Namba yake itume 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Matokeo nayo hayauzwi, yapo necta.go.tz.

Nikiwapiga wanafunzi picha wakisoma, naweza kuziweka Facebook? (Mwalimu, Gungu)

Omba ruhusa ya wazazi kwanza, kwa maandishi. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtoto ni taarifa yake. Ukikosa ruhusa piga picha ya ubao, au ya mikono ikigeuza kurasa, bila jina la mtoto. Beji ya shule nayo iangalie, kwenye sweta huwa inasomeka.