Neno Moja Likate Mara Mbili

Nikiwa mwaka wa kwanza wa uuguzi hapa Nairobi, nilisimama mbele ya wodi nzima nikasoma hyperglycaemia mahali palipoandikwa hypoglycaemia. Tofauti ni -er na -o tu. Lakini mgonjwa mmoja ana sukari nyingi mno kwenye damu, na mwingine imemshuka hadi anatetemeka na kutoka jasho; huyo wa pili ukimdunga insulini, dawa ya kushusha sukari, unaweza kumuua. Mkufunzi hakusema neno, aliniangalia tu. Heri angenifokea.

Kilichonikomboa ni somo la Kiswahili la sekondari. Mnakumbuka lile swali la kutenga silabi, kisha mofimu, yaani vipande vyenye maana? Anaimba: silabi ni a-na-i-mba, mofimu ni a-na-imb-a. Silabi imepasua mzizi katikati bila haya. Maneno ya kisayansi ya Kiingereza, mengi yakiwa yameungwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, yanataka visu hivyo hivyo viwili.

Kwanza kwa ajili ya ulimi: hy-po-gly-cae-mi-a. Ukikwama kwenye foleni ya Jogoo Road, litamke polepole humo humo ndani ya matatu. Watu wamezoea kuona makubwa zaidi. Angalia mkazo. Sisi huuweka silabi ya pili kutoka mwisho, hapa uko ya tatu, kwenye cae. Anaemia na photosynthesis ni vivyo hivyo.

Halafu kwa ajili ya maana, na hapo mipaka inahama: hypo-glyc-aemia. Chini, sukari, damu. Mimi huanzia mkiani, maana mkia ndio unaotaja jambo lenyewe: -aemia ni hali ya damu, -itis ni uvimbe wa joto na maumivu, -ectomy ni kukata na kuondoa.

Na hypo? Itamke kwa sauti: haipo. Sukari haipo! Hyper nayo, inapaa. Tangu hapo sijazichanganya tena, ingawa hila hii ina kikomo: hypodermic ni chini ya ngozi, na ngozi ipo.

Jumapili nilimpa mpwa wangu wa kidato cha tatu neno helicopter. Akalikata heli na copter, kama kila mtu. Nikamwambia ni helico, msokoto, na pter, bawa. Alinuna, akasema nimemtega.

Kweli nilimtega.