Mkimbiaji anayetaka kuingia bwawani: usiongeze siku, badilisha siku

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu mwaka 2019 nilikuwa nalo hilohilo. Umesema una miaka 38, unakimbia siku nne kwa wiki, kilomita 6 mpaka 8, na goti la kulia limeanza kuuma ukishuka ngazi. Karibu na kazini kwako kuna hoteli yenye bwawa la kama mita 20. Umeingia mara mbili, na kila ukienda na kurudi unashika ukingo unahema juujuu, wakati barabarani unamaliza kilomita 8 huku unapiga soga. Unauliza uongeze siku ngapi za kuogelea juu ya hizo za kukimbia, na mizunguko mingapi kila siku.

Jibu langu ni kwamba usiongeze hata siku moja. Toa siku mbili za mbio, weka bwawa mahali pake. Na mizunguko usiihangaikie kwa mwezi mzima wa kwanza. Mimi nilifanya kinyume cha haya yote na bega likaniweka benchi miezi miwili, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa urefu.

Nimekulia Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya abiria MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria nilikuwa darasa la nne. Nyumbani hatukupoteza mtu, majirani zetu walipoteza, na tangu siku ile mama alikataza yeyote kati yetu kuingia ziwani maji yakipita magoti. Kichocho pia kilikuwepo, kwa hiyo hakukosa sababu. Nikakua naliona ziwa kila asubuhi bila kujua hata kuelea, na wengi wa rika langu wa kanda ile watanielewa. Nilipoingia bwawani hapa Dar nikiwa na miaka 33, goti likiwa limenikatalia mbio, niliingia na woga ule. Woga unakaza shingo. Shingo ikikaza kichwa kinainuka, kichwa kikiinuka nyonga na miguu vinazama, na hapo mwili wote unakuwa umeinama majini kama mtu anayepanda mlima. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800. Ukiyapanda hivyo, mita 20 zinakumaliza hata kama mapafu yako ni ya mkimbiaji.

Ndiyo maana nasema tatizo lako si stamina. Unayo tayari, tena nyingi. Kinachokukamata ni pumzi.

Ukikimbia hufikirii kutoa hewa, inatoka yenyewe. Majini, uso ukiwa chini, wengi wetu tunaibana bila kujua. Tunageuza kichwa na katika ile nusu sekunde tunajaribu kufanya mambo mawili, kutoa na kuvuta, kwa hiyo hatumalizi hata moja. Hewa chafu inajaa kifuani, na hiyo ndiyo inayouambia mwili kwamba unakabwa, hata kama hewa safi bado ipo ya kutosha. Aliyenifundisha ni kijana aliyekuwa na darasa la watoto asubuhi. Baada ya kunitazama urefu mmoja tu wa bwawa aliniambia, "Dada, hujachoka. Umejaa." Akanitoa kwenye kuogelea kabisa. Kwa wiki mbili nilisimama kwenye maji ya kifuani nikishika ukingo, natia uso majini na kutoa mapovu polepole puani huku naguna "mmm" mpaka mapafu yabaki matupu, nageuza uso pembeni, navuta kwa mdomo, narudi. Mara 20, napumzika, mara 20 tena. Kisha kuelea kifudifudi kama jani, mikono mbele, macho yakitazama sakafu ya bwawa wala si ukuta wa mbele. Kisha kujisukuma ukutani na kuteleza bila kupiga mkono hata mmoja, nione nafika wapi.

Inachosha moyo kwa mtu aliyezoea kumaliza kilomita 8. Watoto wa miaka saba walikuwa wananipita. Lakini wiki ya tatu niliondoka ukutani nikafika upande wa pili na kusimama nikiwa natabasamu, sihemi, na sikuwa nimeongeza nguvu yoyote. Guno lile ndilo lililofanya kazi. Ukiguna huwezi kuibana hewa, jaribu hata hapo ulipokaa.

Jambo moja la usalama hapa: zoezi hili ni la kutoa hewa, si la kuibana. Usishindane na mtu kukaa chini ya maji muda mrefu, na usivute pumzi nyingi za harakaharaka kabla ya kuzama. Mtu anaweza kuzimia majini bila dalili yoyote, hata mwogeleaji hodari.

Sasa kipindi chenyewe. Kwa bwawa la mita 20, ogelea urefu mmoja, simama, pumua mpaka uweze kutamka sentensi nzima bila kukatika, kisha ondoka tena. Mwanzoni nilihitaji karibu dakika nzima kila nikisimama. Nilifanya hivyo mara 8, mita 160, nikatoka. Ni kidogo na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ufundi ukishachoka unayafundisha mabega makosa. Usipime maendeleo kwa umbali, pima kwa mapumziko. Wiki ya sita nilikuwa nafanya urefu 20 kwa kupumzika sekunde 20 katikati. Ndipo nikaanza kuunganisha kwenda na kurudi. Mwezi wa nne nilifikisha mita 1,000, zilizokatwa vipandevipande, kwa dakika 35 hivi. Na usikimbilie kasi. Ukitaka kwenda kwa kasi mara mbili, maji yanakukinza karibu mara nne. Kinacholipa ni kunyoosha mwili upite kwenye tundu dogo.

Goti lako nalo. Mtindo wa chura unaonekana mpole, na wengi wanaukimbilia kwa kuwa uso unabaki juu, lakini ule mguu unaofunguka na kufunga kwa nguvu unavuta upande wa ndani wa goti. Kwa hali yako uache kwanza. Ogelea mtindo huru (kifudifudi, mikono ikipishana) na wa mgongo, miguu ikitingishika kutoka nyongani, magoti yamelegea kidogo, na usijirushe ukutani kwa nguvu unapogeuka. Goti likivimba, likikwama au likikosa nguvu ghafla, nenda kwa daktari kwanza, maji yatakusubiri.

Kosa langu kubwa lilikuja pale nilipoona naweza. Nikarudisha mbio siku nne na bwawa siku tatu, kila siku kitu. Nilikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kuwa tangu goti lianze kunisumbua. Mwezi wa pili wa ratiba ile bega la kulia likaanza kuuma nikinyoosha mkono kuchukua kitu kabatini, nikalipuuza, nikaamka siku moja siwezi kufunga sidiria. Mtaalamu wa viungo alinionyesha kwamba mkono wangu ulikuwa unaingia majini kwa kidole gumba na kuvuka mstari wa pua, yaani kila mpigo ulikuwa unabana kano za bega, mamia ya mara kwa kipindi kimoja. Mkono uingie mbele ya bega lake, vidole kwanza, kiganja kikitazama chini. Na mwili wote uviringike kidogo, kushoto na kulia, ili bega lisifanye kazi peke yake. Ufundi mbaya ningeweza kuuvumilia kwa siku mbili za wiki. Siku tatu juu ya mbio nne, mwili haukupata pa kupumzikia.

Tangu hapo wiki yangu iko hivi. Jumanne na Ijumaa alfajiri ni bwawa, dakika 40 mpaka 45, sasa kwa mita 1,400 mpaka 1,600. Jumatano na Jumapili nakimbia, moja fupi na moja ndefu. Alhamisi natumia nusu saa nyumbani kwa vyuma na mazoezi ya mgongo na mabega kwa mpira wa kuvuta. Jumatatu na Jumamosi sifanyi kitu. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli, kwa hiyo kwa dakika ratiba hii inatosha, ila siku ya misuli bado nadaiwa moja. Mbio sijaziacha kwa makusudi. Maji yanakubeba, ukisimama yakifika kifuani miguu inabaki na kama theluthi tu ya uzito wako, na hiyo ni raha kwa goti lakini mifupa inahitaji kubeba uzito ili ibaki imara. Anayekuambia kuogelea kunatosha kwa kila kitu hajakwambia hilo.

Kama unavaa saa ya mazoezi, usishangae mapigo ya moyo kuwa chini kuliko barabarani kwa juhudi ileile. Umelala, maji yanakukandamiza na kukupoza, damu inarudi moyoni kwa urahisi. Usijisukume kutafuta namba ya mbio. Na kunywa maji. Kwa joto la Dar unatoka jasho humohumo bwawani, ila hulioni.

Kuhusu bwawa la hoteli, nenda siku za kazi asubuhi. Jumamosi na Jumapili ni la watoto na maboya, hutapata njia iliyonyooka. Kabla ya kulipa, simama ukingoni uangalie sakafu: ule mfuniko wa bomba la kutolea maji chini kabisa uuone waziwazi. Usipouona, ondoka. Niliwahi kukubali maji yenye ukungu mahali fulani kwa sababu nilikuwa nimeshavaa, nikatoka na sikio lililoniuma siku kumi. Harufu kali ya dawa nayo watu wanadhani ni usafi. Mara nyingi ni klorini iliyokutana na jasho na mkojo, kwa hiyo oga kabla ya kuingia na udai wenzako waoge. Uliza pia kama kuna mwokoaji. Kama hayupo, usiingie peke yako, hata kwa maji ya kina kifupi.

Miwani ya kuogelea usibane nayo matumizi. Chagua inayogandamana usoni sekunde chache hata kabla ya kuvuta mkanda. Akina dada wanaosoma hapa, nywele zangu nazilowesha kwa maji ya bomba na kuzipaka mafuta kidogo kabla ya kofia, hapo klorini haizili sana. Na vazi lisikuzuie. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuelea na kuogelea wakiwa na mavazi yanayowasitiri mwili mzima, na wanaelea vizuri tu. Mimi mwenyewe navaa ya mikono mirefu na suruali, ilimradi kitambaa kibane mwili kisinywe maji.

Umegusia pia baharini. Usianzie huko. Hapa kwetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo wa maji yanayokupwa hauulizi una stamina kiasi gani. Ukifika mahali unaogelea dakika 30 mfululizo bila wasiwasi, nenda maji yakiwa yamejaa, siku za maji mafu (yanapopanda na kushuka kidogo), sambamba na ufukwe, na mtu anayeijua sehemu hiyo. Siku yenye kusi kali mimi siingii.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Nairobi na nikapata kuogelea Kasarani, lile bwawa la mita 50 lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Nilijiona nimeiva, lakini katikati ya urefu wa kwanza hapakuwa na ukuta wa kugusa, na mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Pumzi ikaanza kukimbia kama siku ya kwanza. Nikageuka chali, nikaelea, nikaguna mara tatu, nikaendelea. Mama yangu alikuwa kwenye simu ya video siku ile, dada yangu amemshikia kule Mwanza. Nilipofika upande wa pili hakusema kitu, aliomba tu nirudie ili aone tena.

Basi anza Jumanne. Pima bwawa lako kwa hatua ukingoni, hatua moja ndefu ni kama mita moja, maana baadhi ya mabwawa ya hoteli yanayoitwa ya mita 20 hayafiki. Fanya mapovu mara 20, raundi tatu, kisha urefu 6 tu kwa kupumzika. Rudi hapa uniambie bwawa lina mita ngapi na ulihitaji sekunde ngapi kabla ya kuweza kuongea, nikupangie wiki mbili zinazofuata.