Jibu: Mgonjwa anakaribia kufa, ananiuliza kama atapona. Nimjibu nini?

Mdogo wangu mleta uzi, umeuliza mawili. Kwanza, umjibu nini mgonjwa anayekaribia kufa akikuuliza kama atapona, na ndugu zake wamekukataza kumwambia ukweli. Pili, utajuaje kama mfiwa ana huzuni ya msiba tu au ameingia kwenye sonona, yaani ugonjwa wa unyogovu (depression). Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kwa wagonjwa wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso kwa wenye ugonjwa usiopona, na familia zao.

Akikuuliza "nitapona?", usikimbilie kujibu ndiyo wala hapana. Mara nyingi ameshauona mwili wake unavyokwenda, anachotafuta ni mtu wa kuongea naye. Vuta kiti ukae, maana ukisimama mlangoni na trei mkononi hatakwambia kitu. Muulize, "Wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa wako?" Kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Mzee mmoja alinijibu kwamba anajua anaondoka, ila kinachomnyima usingizi ni mwanawe ambaye hawajasemeshana kwa muda mrefu. Tulikuwa tunahangaika na dozi ya mofini, dawa kali ya maumivu, usiku kucha, kumbe nusu ya maumivu yalikuwa hapo. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari na kufungua hospisi (kituo cha kuwatunza wanaokaribia kufa) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha jambo hilohilo: maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya akili, ya kijamii na ya kiroho, yote kwa pamoja.

Kuhusu ndugu, usigombane nao. Waite pembeni uwaulize wanaogopa nini. Karibu wote wanaogopa mgonjwa atakata tamaa. Mimi huwaambia, "Sitamwambia asichouliza, lakini akiniuliza mwenyewe sitamdanganya." Wengi hukubali. Ukishajua mgonjwa anataka kujua kiasi gani, mpelekee daktari taarifa hiyo, na siku ya mazungumzo uwepo, kwa sababu daktari akiondoka maswali yatabaki kwako.

Niongeze jambo ambalo hukuuliza. Mgonjwa wa siku za mwisho akianza kuweweseka, kung'oa mipira ya mkojo au ya dripu na kutukana, tafadhali usiandike "msumbufu". Angalia kibofu kama kimejaa, choo kama kimefunga, maumivu, homa, na dawa zilizoongezwa karibuni, kabla hujaomba ya kumtuliza. Ila yule anayeongea taratibu na mama yake aliyefariki zamani, na haogopi, mwache aongee. Hakuna haja ya kubishana naye.

Sasa wafiwa. Chuoni tulikaririshwa hatua tano za daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross za mwaka 1969: kukataa, hasira, kujadiliana, sonona na kukubali. Kumbuka alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa wanaokufa, si wafiwa, na hakuna anayezipanda kama ngazi. Naona watafiti wa huzuni ya msiba Stroebe na Schut, mwaka 1999, walikaribia zaidi ninachokiona wodini: mfiwa huenda na kurudi, saa hii amezama kwenye msiba, saa nyingine anashughulikia ada ya watoto na hata kucheka. Hajifanyishi, wala hajasahau.

Mwenye huzuni ya msiba humkosa marehemu. Uchungu unampanda akikumbushwa, kisha unapungua, na bado anajiona mtu. Mwenye sonona hujidharau: hafai, ni mzigo, na hakuna kinachomgusa siku nzima, siku baada ya siku. Zote mbili zinaweza kuwa kwa mtu mmoja. Akisema "natamani nimfuate", muulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Anayetamani tu kumwona tena mpendwa wake ni tofauti na mwenye mpango na njia. Huyo wa pili usimwache peke yake hata dakika moja, ondoa vya kujidhuru, na uwaite wenzako papo hapo.

Suala la muda lipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa, ICD-11, unataja angalau miezi 6 kabla ya kusema huzuni imegeuka ugonjwa. Ule wa Marekani wa magonjwa ya akili (DSM), toleo la 2022, unataja miezi 12 kwa watu wazima. Lakini usihesabu miezi tu. Tazama kama kiu ya kumtaka marehemu imemfunga asiweze kuishi, kupita hata desturi za watu wake. Huyo anahitaji tiba ya mazungumzo, na dawa za usingizi hazitaimaliza. Hapa naomba tuwe wakali: mtu akilia kwa sauti korido haumwi, na sindano ya kumlaza huwasaidia zaidi waliochoshwa na kelele. Kaa naye. Usimwambie ajikaze. Mwite marehemu kwa jina lake, umuulize alikuwa mtu wa namna gani. Na mama aliyeharibikiwa mimba naye ni mfiwa, japo hakuna aliyekuja kumpa pole.

Kwa mgonjwa wako wa sasa, akishakujibu, andika kwenye faili maneno yake kama alivyoyasema, na uyataje wakati wa kukabidhiana zamu, ili wa zamu ya usiku asimwambie kwamba wiki ijayo atarudi nyumbani mzima.